Mguu Umevimba na Unawaka Moto: Mwongozo Kamili wa Maambukizi ya Bakteria kwenye Ngozi ya Mguu

Mara nyingi homa hutangulia, mguu hufuata. Mtu anaamka usiku akitetemeka kwa baridi, meno yanagongana, mwili wote unauma. Kwa kuwa yuko Mwanza, neno la kwanza linalotamkwa nyumbani ni malaria. Anapimwa, na kwa ukanda wetu kipimo kinaweza hata kusoma chanya, kwa sababu watu wengi hutembea na vimelea vichache bila kuumwa. Anapewa dawa mseto, anarudi kulala. Saa kadhaa baadaye ndipo mguu mmoja unakuwa mzito, unajaa, ngozi inavutika, na ukiugusa ni kama umeshika kikombe cha chai ya moto. Kwa hiyo kila mwenye homa ya ghafla na baridi kali avue viatu na soksi, na miguu yote miwili itazamwe kwenye mwanga kabla ya kuilaumu malaria peke yake.

Madaktari huuita ugonjwa huu selulaitisi. Bakteria wamepenya ngozi ya juu, wameingia kwenye tabaka la ndani na mafuta yaliyo chini yake, na wanasambaa humo. Wanaohusika zaidi ni wawili: streptokoka, ambaye hukimbia haraka na mara nyingi hatungi usaha, na stafilokoka, ambaye hupenda kutunga jipu. Wote wawili huishi juu ya miili ya watu wenye afya kamili siku zote. Hawajatumwa na jirani, wala mguu haukukanyaga kitu kilichotegwa. Walipata tu mahali pa kupenya.

Mahali hapo tutapaita mlango, na ndipo mwongozo huu utakaporudi mara kwa mara. Dawa huua walioingia, haifungi mlango. Mtu anayetibiwa mguu na kuacha fangasi kati ya vidole amenunua nafuu ya miezi michache tu.

Kuutambua kwenye ngozi nyeusi

Maelezo mengi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha: unaweza kuona rangi ya kahawia iliyokolea, zambarau, au ngozi inang'aa tu kama imepakwa mafuta huku vitundu vya vinyweleo vikionekana kama ganda la chungwa. Usitegemee macho. Tumia mgongo wa kiganja: gusa mguu usiouma kwanza, kisha mahali pale pale kwenye mguu unaouma. Tofauti ya joto utaihisi mara moja. Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi kwa sekunde tano. Kikiacha shimo, kuna maji yamejaa chini ya ngozi.

Pandisha mkono hadi kinenani. Mtoki uliovimba na kuuma upande ule ule wa mguu ni ushahidi mzuri kwamba maambukizi yanatoka chini. Wakati mwingine utaona au kuhisi mstari wenye joto unaopanda kutoka kwenye mguu kuelekea pajani. Hiyo ni mishipa ya limfu iliyowaka, na inataka matibabu siku hiyo hiyo.

Karibu kila mara ugonjwa huu hushika mguu mmoja. Miguu yote miwili ikivimba sawa kwa wakati mmoja, bila homa, tafuta sababu nyingine: moyo, figo, ini, ujauzito, au kusimama kutwa nzima. Mguu mmoja uliovimba kwenye shavu la mguu baada ya safari ndefu ya basi, kujifungua, kulazwa au upasuaji, unauma bila homa kubwa, unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Hilo lataka kipimo cha ultrasaundi, na likikosewa linaua. Kiungo kimoja, kama goti au kifundo, kikiuma kiasi cha kukataa kukunjwa, huenda maambukizi yako ndani ya kiungo au ni gauti, yaani jongo. Na kwa mtu mwenye sikoseli, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, maumivu ya mfupa yenye homa yanaweza kuwa maambukizi ya mfupa wenyewe, hata kama ngozi ya juu inaonekana imevimba kawaida. Jipu nalo lina kanuni yake: pakiwa na sehemu moja laini inayobonyea kama mfuko wa maji, usaha umeshatunga, na vidonge peke yake haviutoi. Lazima lipasuliwe na mtaalamu, siyo kwa wembe nyumbani.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Nenda hospitali yenye maabara na chumba cha upasuaji ukiona lolote kati ya haya:

- Maumivu makali kupita kinachoonekana. Ngozi inaonekana ya kawaida au imevimba kidogo, lakini mgonjwa analia ukigusa shuka lake.
- Ngozi inageuka ya kijivu au nyeusi, inakufa ganzi, inatoa malengelenge yenye maji ya rangi ya damu, au ukiibonyeza inachakarika kama mfuko wa nailoni.
- Uvimbe unasonga ndani ya saa chache.
- Kuchanganyikiwa, kupumua kwa kasi, moyo kudunda zaidi ya mara 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, mikono na miguu baridi, mkojo kupungua sana.
- Kutapika kiasi cha kutoweza kubakiza vidonge.

Dalili tatu za mwanzo zinaweza kuwa za maambukizi yanayoozesha nyama chini ya ngozi. Hayo hayamalizwi na sindano peke yake, nyama iliyokufa hukatwa, na tofauti ya saa sita ni kubwa. Hapo zahanati ni mahali pa kupitia kwa dakika chache, kupata dozi ya kwanza na barua ya rufaa kama vipo.

Kuna pia watu ambao hata mguu wenye dalili za kawaida uwapeleke kituoni siku ile ile: wenye kisukari, wenye VVU ambao hawatumii dawa au wameziacha, wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye sikoseli, wanaotumia prednisoloni au dawa za saratani.

Kwa aliye Ukerewe, Ukara, Kome au Maisome, uamuzi hautegemei ugonjwa tu, unategemea pia chombo cha mwisho. Hesabu kinyumenyume: kama uvimbe ulioukuta saa nne asubuhi umepita mstari wa kalamu (tutaueleza hapa chini) ifikapo saa nane mchana, panda chombo cha jioni, usijipe matumaini ya kesho, maana usiku ziwani hakuna teksi. Kwa wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lianze kutumika. Kungoja kivuko si kisingizio tena. Mjini Mwanza, rufaa ya mkoa ni Sekou Toure na ya kanda ni Bugando.

Saa ya kwanza nyumbani

Chukua kalamu ya kawaida ya wino. Fuata ukingo wa joto na uvimbe kwa mgongo wa kiganja, kisha chora mstari kuuzunguka wote, mbele na nyuma ya mguu. Kando ya mstari andika tarehe na saa. Bila mstari huu, kesho utabishana na ndugu zako kama mguu umeongezeka au umepungua, na kila mmoja atakuwa na uhakika wake. Piga picha kwa simu kutoka umbali ule ule na kwenye mwanga ule ule kila asubuhi.

Kisha chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa shavu la mguu, sentimita 10 chini ya ncha ya chini ya kifuu cha goti, kwenye miguu yote miwili. Andika namba mbili hizo. Baadaye utajua kama mguu unarudi, hata pale macho yanapokudanganya.

Pima joto la mwili kama kipimajoto kipo. Kuanzia 38 ni homa.

Osha mguu kwa maji safi na sabuni ya kipande ya kawaida, bila kusugua. Kama kuna kidonda, tengeneza maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe na kifuniko juu. Maji hayo yanakaribiana na chumvi ya mwili, hivyo hayachomi wala hayaozeshi kidonda. Tumia ya siku hiyo tu, kesho chemsha mengine. Maji ya ziwa usiyatumie kuoshea kidonda hata kama yanaonekana maangavu. Funika kwa shashi safi. Malengelenge ambayo hayajapasuka yaache. Ngozi ile ni bandeji ambayo hukuinunua.

Sasa uinue mguu. Hapa watu wengi hukosea, kwa hiyo tukae kidogo. Kuketi kwenye kiti na mguu juu ya stuli si kuinua: mguu bado uko chini ya moyo, na maji hayapandi mlima. Lala chali, kisigino kiwe juu kuliko kifua. Mito miwili au mitatu inafaa, ila huteleza usiku. Njia inayodumu ni kuinua kitanda chenyewe upande wa miguuni kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, matofali yakae imara na miguu ya kitanda isiyumbe. Kwa anayelala chini kwenye godoro, weka gunia la nguo au mfuko wa mchele chini ya godoro upande wa miguuni. Siku tatu za mwanzo ukae hivyo muda mwingi, ukiamka kwa choo, kuoga na chakula. Kila saa chezesha kifundo juu na chini mara kumi, kwa sababu mguu uliolala tuli huganda damu.

Mwenye moyo dhaifu anayebanwa pumzi akilala bapa asiinue kitanda kabla ya kumuuliza daktari.

Kwa maumivu na homa, mtu mzima ameze parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni hatuzipendekezi hapa bila daktari. Zinatuliza maumivu ambayo ndiyo yangekuonya kwamba nyama ya ndani inaharibika, na zinaumiza figo za mtu mwenye homa asiyekunywa maji ya kutosha.

Mambo ambayo mguu huu hauyataki: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa, kupigwa chale, kuumikwa, kupakwa dawa ya meno, majivu au mafuta ya taa. Chale ni mbaya kuliko yote, kwani kila mkato wa wembe ni mlango mpya. Kukanda nako kumeunguza watu wenye kisukari ambao nyayo zao hazihisi tena moto. Na unga wa kapsuli unaomwagwa juu ya kidonda haufiki waliko bakteria. Hukauka na kuwa gamba, na chini ya gamba ndiko usaha hujificha.

Dawa

Ugonjwa huu hautibiki kwa kuinua mguu peke yake. Unahitaji antibiotiki, na inayofaa huchaguliwa na tabibu aliyeuona mguu. Tunataja vipimo ili ukisoma cheti chako uelewe ulichopewa, siyo ujiandikie.

Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa usio mkali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja mojawapo ya hizi: kloksasilini miligramu 500 kila saa 8, sefaleksini miligramu 500 kila saa 8, au amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki (500 kwa 125) kila saa 8, kwa siku 5. Matabibu wengi huandika kloksasilini kila saa 6, nayo ni sahihi. Ukipewa kloksasilini, meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake, kwa sababu chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Asiyepatana na penisilini, yaani aliyewahi kuvimba midomo, kutoka vipele vya ghafla au kubanwa pumzi baada ya kuitumia, hupewa klindamaisini au dawa za kundi la erithromaisini na azithromaisini. Aliyezidiwa hulazwa na kupewa za mshipa, mara nyingi kloksasilini au seftriaksoni, kisha hubadilishiwa vidonge homa ikishuka. Watoto hupimiwa kwa uzito. Kugawa kidonge cha baba vipande viwili si kipimo.

Makosa ya dukani yanajirudia. Kapsuli za ampisilini na kloksasilini zilizoandikwa 500 kwa kawaida zina miligramu 250 za kila moja, kwa hiyo anayepewa kapsuli moja mara tatu kwa siku anapata nusu ya kloksasilini tuliyoitaja hapo juu. Amoksilini peke yake humuweza streptokoka, lakini stafilokoka wengi huivunja. Metronidazoli, ambayo huongezwa karibu kwenye kila kidonda, haiui yeyote kati ya hao wawili. Na sindano moja ya "kuzima moto" bila kufuatiwa na dozi humpa mgonjwa siku moja ya nafuu na familia yake sababu ya kuahirisha safari.

Ukifika kwa tabibu, mwambie mambo ambayo huenda hatauliza. La kwanza na kubwa kwa watu wa mwambao: je, ngozi ilichanika ndani ya maji ya ziwa, au kwa mwiba wa samaki? Kwenye maji baridi wanaishi bakteria waitwao aeromonasi, ambao kwa kawaida hawasikii ampisilini wala amoksilini. Kidonda kilichopatikana majini kikivimba ndani ya siku moja au mbili huenda kikahitaji dawa tofauti, kama siprofloksasini au seftriaksoni, na tabibu asiyejua habari za ziwa atakupa dawa ya mtu wa nchi kavu. Mwambie pia kama una mimba au unanyonyesha, unatumia dawa gani nyingine, mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda ni lini, na kama mguu huu umewahi kuumwa hivi. Omba upimwe sukari. Kuna watu wanaojua wana kisukari kwa mara ya kwanza kupitia mguu uliovimba: sukari ya kabla ya kula ikiwa 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi, au ya wakati wowote ikiwa 11.1 au zaidi, inahitaji kufuatiliwa. Na kama hujui hali yako ya VVU, pima siku hiyo hiyo.

Siku kwa siku

Saa 24 za kwanza baada ya dozi ya kwanza ndizo zinazowatisha watu. Uvimbe unaweza kuvuka mstari wako kwa upana wa kidole au viwili, na rangi ikakolea zaidi, ingawa dawa inafanya kazi. Bakteria wanapokufa humwaga sumu zao kwenye nyama, na mwili hujibu kwa moto. Usibadilishe dawa kwa sababu hiyo peke yake, kama homa haipandi na mwenyewe unajisikia vizuri kidogo.

Kufikia saa 48 homa inapaswa kuwa inashuka, hamu ya kula inarudi, na mstari haujavukwa zaidi. Hali hiyo isipokuwepo, rudi ulikotibiwa ukiwa na picha zako, usinunue dawa nyingine njiani. Sababu za kushindwa ni chache na zinajulikana: dozi ndogo au zilizorukwa, mguu unaoning'inia kutwa nzima, jipu lililojificha, kipande cha mwiba au kijiti kilichobaki ndani, bakteria wasiosikia dawa hiyo, au ugonjwa haukuwa huu tangu mwanzo.

Siku ya tatu hadi ya tano ngozi hulegea na kukunjamana, dalili nzuri kuliko zote. Ukifika siku ya tano mguu umepoa lakini bado umevimba, dawa imefanya kazi yake. Uvimbe unaobaki ni maji, na hayo huondoka kwa kuinua mguu, siyo kwa kuongeza vidonge. Joto likiwa bado lipo, tabibu anaweza kukuongezea siku kadhaa. Dozi uliyoandikiwa imalize hata kama umepona siku ya tatu.

Wiki ya pili ngozi huwasha na kubambuka kama ya nyoka. Paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, asubuhi na jioni, na kucha ziwe fupi. Weusi unaweza kubaki miezi. Krimu za kung'arisha ngozi usizipake, maana zile zenye steroidi hudhoofisha ngozi ambayo ndiyo kwanza inajijenga.

Kazi? Mchuuzi anayesimama kwenye soko la samaki la Mwaloni kutwa nzima na mvuvi anayeingia majini hawarudi siku moja. Kazi ya kukaa unaweza kuianza baada ya siku tatu au nne kama homa imekwisha, mguu ukiinuliwa kila unapopata nafasi. Kazi ya kusimama ingoje hadi mguu upoe kabisa. Ziwani usiingie mpaka kila kidonda kifunge.

Kuutafuta mlango

Kaa kwenye mwanga wa jua na mtu mwingine akusaidie kutazama. Anzieni kati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na kile kidogo. Ngozi nyeupe iliyolowa, yenye ufa na harufu, ni fangasi, na kwa wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara, waosha magari na wote wanaovaa gambuti kutwa, ndio mlango wa kwanza wa kushukiwa. Paka klotrimazoli ya asilimia 1 asubuhi na jioni kwa wiki nne. Muwasho utakwisha wiki ya kwanza, na hapo ndipo wengi huiacha. Fangasi nao hungoja hapo hapo. Dawa nyingine ya fangasi, mafuta ya Whitfield, ni nzuri kwa ngozi kavu iliyokomaa, lakini kwenye ufa uliolowa huunguza.

Baada ya kuoga, kausha kila katikati ya kidole kwa kitambaa cha peke yake. Gambuti ziwe jozi mbili za kubadilishana. Ile ya jana ipinduliwe juani, imejazwa magazeti yanyonye unyevu. Mwenye jozi moja abadilishe soksi za pamba mchana, hilo tu hupunguza tatizo.

Visigino vyenye magaga ni mlango wa pili. Loweka kwa maji ya uvuguvugu dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, kausha, paka mafuta mazito, vaa soksi ulale. Rudia kila usiku kwa wiki mbili. Wembe usiuguse mguu.

Kisha miiba. Mwiba wa sato huchoma na kutoka; wa gogogo una meno ya msumeno, huingia kirahisi na kukatikia ndani. Ukichomwa, osha kwa maji safi na sabuni kwa dakika tano kamili, toa kinachoonekana kwa kibano kilichochemshwa, na kama kidonda kinaendelea kuuma baada ya siku mbili au kinafunga na kufunguka tena, chukulia kwamba kipande kimebaki na kinahitaji kutolewa hospitalini. Kama sindano ya pepopunda ina zaidi ya miaka mitano na kidonda ni kichafu, omba nyingine. Wavuvi wanaovuta nyavu pekupeku wavae hata yeboyebo; ndoano na vigae vya chupa vya mwaloni havichagui mwenyeji na mgeni.

Wanaoshinda majini hupata pia muwasho unaotokana na vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi. Muwasho wenyewe hauleti selulaitisi, kucha za kujikunia ndizo zinazoileta. Funza nao, kuumwa na mbu, ukurutu na vidonda vya zamani vya kifundo vyote vikaguliwe, na kila kimoja kitibiwe kama ugonjwa wenye haki yake.

Mguu uliokwisha kuugua

Kila shambulio huacha mishipa ya limfu ikiwa imeharibika kidogo, maji hubaki mguuni, na maji yaliyotuama chini ya ngozi ni shamba la bakteria. Ndiyo maana mguu uliougua mara mbili ni rahisi kuugua mara ya tatu, na ndiyo maana uvimbe unaobaki si jambo la urembo.

Kuna njia mbili zilizopimwa vizuri. Ya kwanza ni penisilini ya kinga. Katika utafiti wa Uingereza na Ayalandi uliochapishwa mwaka 2013, watu 274 waliokwisha kuugua mara mbili au zaidi walifuatiliwa. Kati ya waliomeza penisilini miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, asilimia 22 waliugua tena ndani ya mwaka huo, dhidi ya asilimia 37 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ila walipoacha, faida ilififia. Kwetu tabibu anaweza kuchagua badala yake sindano ya benzathini penisilini, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Njia ya pili ni kubana mguu. Jaribio la Australia la mwaka 2020, lenye watu 84 waliokuwa na uvimbe wa kudumu, lilipata kurudi kwa ugonjwa kwa asilimia 15 ya waliovaa soksi au bandeji za kubana, dhidi ya asilimia 40 ya wasiovaa. Kwa maoni yetu, hii ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi hapa kwetu, na mara nyingi ndiyo rahisi kuidumisha.

Ila usijifungie kiholela. Kwanza mguu uwe umepoa kabisa. Pili, muuguzi au daktari ahakikishe mapigo ya damu juu ya wayo yapo, hasa kwa mwenye kisukari, mvutaji sigara na mzee. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huoza. Bandeji ya kuvutika ya upana wa sentimita 10 huanza kufungwa asubuhi kabla hujashuka kitandani, kutoka kwenye mashina ya vidole, izunguke kisigino pia, ipande hadi vidole viwili chini ya goti. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Ikaze zaidi kwenye kifundo na ilegee kadiri unavyopanda. Wengi hufanya kinyume, hukaza karibu na goti, na wayo hujaa kama andazi. Ivue usiku, ifue, kagua ngozi. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, ifungue palepale. Na siku utakayoamka mguu una joto tena, bandeji ibaki kabatini, chukua kalamu uchore mstari.